Kutoka Al Wakrah hadi Pemba: njia ya zamani ya Kisiwa cha Kijani

Mtu wa Afrika Mashariki anayeingia katika soko la kale la Al Wakrah, mji wa pwani ulioko kusini mwa Doha nchini Qatar, hahitaji kutembea sana kabla ya kuona kitu anachokitambua. Akiinua macho kutazama dari za vyumba na baraza, ataona miti myembamba iliyonyooka, imelazwa sambamba kutoka ukuta hadi ukuta. Waqatari huiita danchal. Mtu wa Lamu, Rufiji au Pemba ana jina lake: boriti.

Kwa vizazi vingi Ghuba haikuwa na miti ya kuezekea nyumba. Mikoko ipo Qatar, hasa kaskazini-mashariki karibu na Al Thakhira, lakini ni aina ya mchu, mti mfupi uliopinda ambao haufai kubeba dari. Miti ya kufaa ilitoka ng'ambo ya bahari, katika mikoko ya pwani ya Afrika Mashariki, hasa mkandaa na mkoko wenyewe, ambayo hukua imenyooka, ni migumu na haishambuliwi upesi na mchwa. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Ghuba ni vyembamba. Upana wa chumba haukuamuliwa na uwezo wa mwenye nyumba pekee, bali pia na urefu wa boriti iliyokatwa na mtu aliyesimama katika tope, maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Soko la Al Wakrah linaloonekana leo limejengwa upya. Mji huo uliishi kwa uvuvi na kupiga mbizi kutafuta lulu, hadi biashara ya lulu za asili ilipoporomoka katika miaka ya 1930, lulu za kufugwa za Japani zilipojaa masokoni. Baadaye yalikuja mafuta, wakazi wakahamia nyumba mpya, na mji wa zamani wa ufukweni ukaachwa ubomoke. Serikali ilipotaka kuurudisha, ililazimika kuanza karibu na msingi: kuta, vichochoro, milango, dari za miti. Si mbali na hapo unasimama uwanja wa mpira wa Al Janoub, uliofunguliwa mwaka 2019 na kutumika katika Kombe la Dunia la mwaka 2022, ambao umbo lake limechukuliwa kutoka kwenye majahazi.

Miongoni mwa wanaopita katika vichochoro hivyo jioni wamo Wakenya, Waganda na Watanzania wanaofanya kazi Qatar kama walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli na watumishi wa nyumbani. Likizo zao ni chache, na wengi wakirudi nyumbani huenda moja kwa moja kwa jamaa zao. Ni wachache wanaofikiria kutembelea upande ule mwingine wa njia ya majahazi, ambako mambo ambayo Al Wakrah imeyajenga upya kwa gharama kubwa bado ni maisha ya kila siku. Sehemu mojawapo ya namna hiyo, na pengine isiyojulikana sana kuliko zote, ni kisiwa cha Pemba.

Pepo mbili na shehena ya boriti

Njia yenyewe iliongozwa na upepo. Kuanzia mwezi wa Desemba hadi Machi kaskazi ilisukuma majahazi kutoka Ghuba na Oman kuelekea pwani ya Afrika, yakiwa na tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia. Kusi ilipoanza, mnamo mwezi wa Aprili, yalirudi na nafaka, karafuu na boriti. Boriti ziliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na nyingi zilitoka Lamu na delta ya mto Rufiji.

Baharia na mwandishi kutoka Australia, Alan Villiers, alisafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, na akaeleza kwa kirefu jinsi mabaharia walivyokata na kupakia boriti Rufiji, katika joto na mbu, kabla ya kurudi Ghuba. Safari yake ilikuwa miongoni mwa za mwisho za zama zile. Saruji na chuma vilichukua nafasi ya boriti, na Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa miti ya mikoko nje ya nchi mwaka 1982 ili kuinusuru misitu yake.

Pemba ilikuwa na mikoko mingi, na bado inayo, hasa katika ghuba na vijito vya upande wake wa magharibi. Lakini kilichoifanya ijulikane Uarabuni ni rangi yake. Katika karne ya 13 mwanajiografia Yaqut al-Hamawi aliandika juu ya kisiwa cha nchi ya Zanji kilichoitwa al-Jazira al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, chenye miji miwili. Wasomi huitambua miji hiyo kuwa Mtambwe na Mkumbuu. Karne tatu kabla yake, al-Mas'udi alisafiri kutoka Oman hadi kisiwa alichokiita Kanbalu, na mwaka 916 akarudi kwa njia hiyo hiyo. Wanahistoria wengi wanaamini kuwa Kanbalu ilikuwa Pemba, ingawa mjadala huo haujafungwa.

Mgeni anayetaka kuiona miji hiyo leo atahitaji mtumbwi, viatu visivyoogopa matope na subira. Mtambwe Mkuu, karibu na Wete, hufikiwa kwa miguu maji yakitoka na kwa chombo maji yakijaa. Hapo mwaka 1984 zilipatikana zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu, zilizozikwa karne ya 11. Sarafu hizo za fedha zilikuwa na majina ya watawala wa Kiislamu wa pwani hii hii. Ras Mkumbuu, kwenye ncha ya rasi nyembamba magharibi mwa Chake Chake, ina magofu ya msikiti mkubwa na makaburi yenye nguzo. Upande wa mashariki, Pujini, ipo ngome ya udongo na mawe ambayo wenyeji huihusisha na mtawala aliyeitwa Mkama Ndume, mtu ambaye masimulizi humkumbuka kwa ukatili zaidi ya jambo jingine lolote. Katika sehemu zote hizi hakuna umati, na mara nyingi mgeni huwa peke yake na mbuzi.

Chini ya mikarafuu

Pemba haifanani na Unguja. Unguja upande wa mashariki ni tambarare ya mawe ya matumbawe na fukwe ndefu nyeupe; Pemba ni vilima na mabonde, mashamba ya mpunga chini, mikarafuu na minazi juu, na nyumba zilizotawanyika baina yake. Njia za miguu ni nyingi kuliko barabara. Mtu anaweza kutembea kutwa nzima kutoka kijiji hadi kijiji bila kutoka katika kivuli.

Kivuli hicho kina historia yake. Mkarafuu si mti wa asili wa Zanzibar. Uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa, na Seyyid Said, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Zanzibar, akahimiza upandwe kwa wingi. Mwaka 1872 kimbunga kikali kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja lakini kikaipita Pemba. Tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa ikitoa karafuu nyingi zaidi katika visiwa hivyo. Waliofyeka vilima hivyo na kuvipanda walikuwa kwa sehemu kubwa watumwa, ambao utumwa wao haukufutwa kisheria hadi mwaka 1897. Mwenye kustarehe chini ya mkarafuu mkongwe anakaa juu ya kazi yao.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 serikali ilitaifisha mashamba makubwa na kuyagawa kwa wananchi eka tatu tatu. Karafuu yenyewe ikabaki mikononi mwa dola: mkulima hana ruhusa ya kumuuzia mtu mwingine ila Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar. Kwa miaka mingi bei ya shirika ilikuwa chini mno ikilinganishwa na ya Mombasa, na matokeo yake yalikuwa magendo. Karafuu zilivushwa usiku kwa ngalawa na mashua hadi pwani ya Kenya, na waliokamatwa waliadhibiwa vikali. Mwaka 2011 serikali ilipandisha sana bei inayomlipa mkulima.

Msimu mkubwa wa uchumaji kwa kawaida huanza katikati ya mwaka, na huo ndio wakati mzuri wa kutembea Pemba. Wachumaji hupanda juu kabisa, hufunga matawi kwa kamba na kuvuta vishada kabla maua hayajachanua. Ni kazi ya hatari, na kila msimu wapo wanaoanguka. Jioni familia nzima hukaa kitako kuchambua, karafuu upande mmoja na makonyo upande mwingine. Kesho yake huanikwa kwenye majamvi, uani na hata kandokando ya lami, kwa siku kadhaa, huku mtu mmoja akiwa ameliangalia wingu. Makonyo nayo hayatupwi, kwani karibu na Chake Chake kipo kiwanda kinachoyakamua mafuta. Harufu inayotoka hapo humfikia msafiri kabla hajaliona jengo.

Msitu uliobaki

Kabla ya mikarafuu, sehemu kubwa ya Pemba ilikuwa msitu. Uliobaki wa maana ni Ngezi, kaskazini-magharibi, mbele ya mji mdogo wa Konde. Barabara ya vumbi hupita katikati yake na kuendelea hadi ufukwe wa Vumawimbi na mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Katika Ngezi kuna mivule mirefu, na pia mpapindi, mnazi mwembamba wa porini ambao asili yake ni Pemba peke yake.

Sababu ya upekee huo iko chini ya bahari. Unguja iliwahi kuungana na bara wakati kina cha bahari kilipokuwa kimeshuka. Pemba ilitengwa zamani zaidi na mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Viumbe vilivyobaki kisiwani viliendelea kivyake. Ndiyo sababu Pemba ina ndege wanne wasiopatikana kwingineko duniani, akiwemo bundi mdogo ambaye husikika zaidi kuliko anavyoonekana, na ninga wa kijani.

Anayejulikana zaidi ni popo wa Pemba, popo mkubwa mla matunda ambaye mabawa yake yakitandazwa hupita mita moja na nusu. Watu walimwinda kwa ajili ya kitoweo, misitu ikapungua, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki elfu chache tu. Mashirika ya uhifadhi yalifanya jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa zaidi ya kutendwa: yaliwaendea wanavijiji. Vilabu vya kulinda popo viliundwa katika vijiji ambako wanalala mchana, na kufikia mwaka 2007 hesabu ilionyesha zaidi ya 20,000. Huko Kidike, karibu na Chake Chake, wageni hulipa kiingilio kijijini kuwatazama wananing'inia kwa mamia juu ya miti, wakigombana kwa sauti kama abiria wa daladala. Alasiri ndiyo saa nzuri, kabla hawajaruka kwenda kula. Mbegu wanazodondosha njiani ni sehemu ya jinsi msitu unavyojipanda.

Chungu kimoja, majina mawili

Mtu aliyezoea kula katika soko la Al Wakrah atakikuta chakula cha Pemba kikiwa na sura anayoijua. Zile tufe ndogo za unga zinazokaangwa mbele ya mteja na kumwagiwa shira, ambazo Waqatari huziita lugaimat, ni kaimati. Harees, ngano na nyama zinazopikwa na kupondwa hadi zikawa kitu kimoja, ni bokoboko. Balaleet, zile tambi za sukari ambazo Qatar huliwa na yai asubuhi, ni jamaa wa karibu wa tambi za futari. Halua ya Wete, inayosifiwa hata na Waunguja, ilitoka upande wa Oman, na husongwa katika sufuria kubwa kwa saa nyingi. Karafuu zinazotiwa katika wali wa nyama wa Qatar, machbous, nazo zilifika Ghuba kwa majahazi yale yale.

Penye tofauti ni nazi. Jiko la Ghuba halina nazi, na jiko la Pemba halisimami bila nazi. Pweza wa nazi, samaki wa kupaka, muhogo wa nazi, ndizi mbichi za nazi, wali wa nazi: mashambani hivi ndivyo vyakula vya kawaida, na nyama ya ng'ombe ni ya sikukuu. Jioni katika Chake Chake na Wete taa za wauzaji huwaka kando ya barabara, na mgeni hupata mkate wa kumimina uliotengenezwa kwa unga wa mchele, mishikaki, na pweza aliyekatwa vipande vidogo na supu yake. Katika msimu wa matunda kuna shokishoki, mafenesi na duriani, ambalo harufu yake haihitaji kuelezwa kwa aliyewahi kupanda nalo gari moja. Sharubati ya mabungo inafaa zaidi kwa asiye na ujasiri huo.

Mikahawa ya kitalii ni michache. Mara nyingi chakula kizuri hupatikana kwa kumwambia mwenyeji mapema, asubuhi, ili samaki anunuliwe akiwa mbichi. Mwezi wa Ramadhani sehemu za kula hufungwa mchana, na kula hadharani ni kuwakosea watu adabu. Mavazi ya ufukweni hayavaliwi kijijini. Kwa msemaji wa Kiswahili haya yote hurahisishwa na salamu, ambayo Pemba hairukwi, na haiishi kwa neno moja.

Bahari iliyo katikati

Kufika si kugumu kama zamani. Shirika la ndege la Qatar limekuwa likiruka hadi Zanzibar tangu mwaka 2015. Kutoka Unguja kuna ndege ndogo hadi uwanja wa Pemba na boti hadi bandari ya Mkoani. Lakini Wapemba hawauzungumzii mkondo huo kwa wepesi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba mwaka 2011, meli ya MV Spice Islander, ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, ilizama ikielekea Pemba. Mamia ya watu walikufa, na karibu kila kijiji kilikuwa na msiba. Anayesafiri kwa boti anapaswa kuuliza hali ya bahari, hasa kusi inapovuma, na kukataa chombo kilichojaa.

Kisiwa hiki pia kina majeraha ya kisiasa. Mwezi Januari mwaka 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa upinzani, watu wakauawa, na wengine wapatao elfu mbili wakakimbilia Shimoni nchini Kenya. Wengine walikwisha kuondoka zamani, baada ya mwaka 1964, wakaenda Oman na nchi nyingine za Ghuba. Uhaba wa hoteli Pemba, ambao watalii huusifu kama utulivu, kwa wenyeji wengi una jina jingine: kusahauliwa.

Hali hiyo inaanza kubadilika. Serikali ya Rais Hussein Mwinyi, iliyoingia madarakani mwaka 2020, imeuweka utalii na uvuvi chini ya kile inachokiita Uchumi wa Buluu, na mwaka 2021 ilianza kuwakodisha wawekezaji visiwa vidogo vilivyoizunguka Zanzibar. Wanaounga mkono wanataja ajira na mapato. Wanaotia shaka wanauliza mvuvi atatia nanga wapi.

Swali hilo lina jibu moja la zamani katika kisiwa cha Misali, magharibi mwa Chake Chake. Masimulizi yanasema Nabii Khidhri alifika hapo, akaomba msala wa kusalia, na alipoambiwa haupo akasema kisiwa chenyewe, kilivyoelekea kibla, kitakuwa msala wake. Mwaka 1998, baada ya kuzungumzwa mpango wa kujenga hoteli, Misali ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, na baadaye ikaingizwa katika hifadhi kubwa ya mkondo wa Pemba iliyoundwa mwaka 2005. Sehemu ya matumbawe ilifungwa kwa uvuvi, sehemu nyingine ikaachwa wazi. Kanuni zilipoonekana kuwa za watu wa mjini, wahifadhi na viongozi wa dini walizieleza misikitini kwa lugha ya amana: kwamba bahari ni dhamana aliyopewa binadamu, na asiyekuwepo bado ana haki yake ndani yake.

Mgeni anayekwenda Misali leo hulipa ada, huogelea juu ya matumbawe, hutembea njia fupi hadi kwenye mapango na kurudi kabla ya jua kutua, kwa kuwa hairuhusiwi kulala. Wavuvi wanaruhusiwa. Kwa siku kadhaa hupiga dago chini ya miti, hukausha samaki kwa moshi, na alfajiri huzisukuma ngalawa zao majini.